Prado ya mwaka 97, nichukue au nipite? Maswali yenu kuhusu magari makongwe ya porini

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mkulima wa parachichi huku Njombe, shamba liko mbali na lami na mvua zikianza njia ni tope tupu, bajaji haifiki na Noah yetu imeshanasa mpaka aibu. Nimepata Prado TX ya dizeli ya mwaka 1997, namba B, dalali anasema ilikuwa ya mzee mstaafu na imetembea kilomita laki na themanini tu. Anataka milioni 24 na maongezi yapo. Kwa macho iko safi sana, rangi inang'aa, mpaka chini uvunguni wamepaka nyeusi yote. Mdogo wangu anasema hizo Prado injini zinakufa niachane nayo nitafute RAV4 ya karibuni, mume wangu anasema Toyota ni Toyota, chukua. Nimsikilize nani?
Mama Parachichi, Njombe

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kunasa. Mdogo wako ana hoja na mume wako ana hoja, ila wote wanaongelea jina la gari na wewe unataka kununua gari moja, hiyo hiyo iliyopo mbele yako, ambayo imepita kwenye mikono ya watu wasiopungua wanne watano na kila mmoja kaifanyia lake.

Mi gari kongwe ya porini naigawa hivi. Kuna vitu vitatu vikiwa vibovu unaondoka hata wakikupunguzia nusu ya bei, navyo ni chesisi, silinda hedi (ile sehemu ya juu inayofunika silinda za injini) na makaratasi. Vingine vyote, shokapu, bush, tairi, betri, rejeta, mpaka giaboksi, hivyo ni hesabu, unaulizia bei ya spea na ufundi afu unatoa kwenye bei anayotaka. Watu wengi wanafanya kinyume, wanagombana na muuzaji kuhusu tairi zilizoisha na redio isiyoimba, wanapunguziwa laki tano wanafurahi, kumbe hedi ina ufa.

Tuanze na hiyo hedi maana ndo anayoisema mdogo wako. Hiyo gari ukifungua boneti ukasoma kibati utakuta imeandikwa KZJ95, na injini ni 1KZ-TE, dizeli ya tabo, silinda nne, sisi (cc) 2,982. Ni injini nzuri, ina nguvu, inavuta mlima, sema hedi yake ni ya aluminiamu na blok ni ya chuma, sasa ikichemka sana hedi inapinda au inapasuka katikati ya valvu, na hapo unaongelea mamilioni, hedi, gasketi, machini shopu na ufundi. Haipasuki kwa sababu ni mbovu toka kiwandani peke yake, inapasuka zaidi kwa sababu rejeta imeziba, mtu anajazia maji ya bomba miaka yote bila kulanti, feni imechoka, afu anapandisha mlima na mzigo huku anaongea na simu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni je, hii iliyo mbele yako imeshawahi kuchemka?

Utajuaje? Mwambie dalali unakuja asubuhi na mapema na asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa mkono, ikiwa ya moto ujue wameiwasha kwanza, na hapo kuna kitu hawataki ukione. Njombe na baridi yenu hiyo ni sehemu nzuri kabisa ya kupima dizeli, maana hita plagi zikiwa zimekufa au kompresheni imeshuka itasumbua kuwaka mbele ya macho yako. Ikiwa imepoa, fungua mfuniko wa rejeta. IKIWA IMEPOA nasema, ya moto usiguse. Angalia ndani, unataka kuona kulanti yenye rangi yake, safi. Ukiona maji ya kutu kulanti haikujazwa siku nyingi, ukiona mafuta mafuta yanaelea basi funga mfuniko, aga vizuri, nenda nyumbani.

Iwashe mfuniko ukiwa wazi uangalie maji. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu inatoka, yakiendelea bila kuisha au maji yakarushwa nje, moshi wa ndani ya silinda unapita kwenye maji, gasketi au hedi imeshaenda. Zima, funga mfuniko, washa tena, baada ya dakika chache minya paipu kubwa ya juu ya rejeta, ikiwa ngumu kabisa wakati injini bado haijapata moto, jibu ni lile lile. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi ni kawaida, ila ule mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, hapana.

Kuna mchezo mmoja mafundi wa mtaani wanaupenda, gari ikichemka wanatoa thamostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupoozea injini, wanatupa. Ukiendesha ukaona mshale wa joto unachelewa mno kupanda, au unapanda ukienda polepole na kushuka ukikimbia, thamostati hakuna, sasa uliza ilitolewa kwa nini. Na huo mshale wenyewe usiuamini sana, kwenye Toyota nyingi za hivi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda kidogo, ukija kuuona umepanda ujue hali imeshakuwa mbaya. Ndo maana gari lazima uipeleke mlimani, sio kuzunguka nayo stendi. Panda nayo mlima mrefu, AC ikiwa imewashwa kama inafanya kazi, halafu simama uiache ikiunguruma, uone. Ukishaizima izungushe feni kwa mkono, injini ikiwa imezimwa kabisa na funguo uko nao mfukoni, feni ya moto inatakiwa iwe nzito kuzunguka, ikizunguka yenyewe bila kizuizi ile klachi yake imekufa na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kuchemka. Feni peke yake ni hesabu. Feni iliyokufa kwa mtu ambaye hajui kama imekufa, hiyo sasa inakuambia kuhusu hedi.

Ukiwa hapo hapo fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma na imepata moto. Moshi kidogo sawa, ukipiga kwa nguvu na kurusha mfuniko, ringi zimechoka. Weupe weupe chini ya mfuniko maana yake maji yameingia kwenye oili. Kama ni otomatiki, na nyingi zilizotoka Japani ni otomatiki, chomoa kijiti cha oili ya giaboksi unuse, ikinuka kuungua giaboksi yenyewe imechoka, na ikiwa na rangi ya pinki iliyochanganyika na maji, basi rejeta imetoboka ndani na kuichafua giaboksi, maana oili ya giaboksi inapoozwa humo humo.

Na taimingi belti, ule mkanda unaoendesha valvu za injini. Toyota wanasema ibadilishwe kila kilomita 100,000 na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inawaka ikifika hapo. Taa hiyo inahesabu kilomita tu, haijui belti ikoje, na mtu anaweza kuizima bila kubadilisha chochote. Kama hana risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa, toa kwenye bei, na ukinunua ibadilishe kabla hujaipeleka shamba.

Sasa chesisi, na hapa mama ndo nimeshtuka kwenye barua yako, hiyo rangi nyeusi ya uvunguni. Gari ya karibu miaka thelathini ambayo chini ni nyeusi inang'aa, mtu amepaka juzi. Anaweza kuwa amepaka kwa nia njema, lakini pia ndo njia ya bei rahisi kuliko zote ya kuficha kutu na welding. Ingia chini na nyundo ndogo na tochi, au mtume kijana, gonga gonga chesisi taratibu kuanzia mbele mpaka nyuma, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale mikono ya ekseli inaposhikia. Chuma kizima kinalia vizuri, kilicholiwa kinatoa sauti butu na rangi inabanduka na maganda ya kutu. Angalia kama kuna sehemu imechomelewa kibati. Magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani yanaliwa na chumvi wanayomwaga barabarani, ya Uingereza vile vile, na ya kwetu yaliyokaa pwani, Tanga, Dar, Mtwara, nayo yanaonja. Iliyokaa Njombe na Iringa muda wote ina nafasi nzuri zaidi, kwa hiyo uliza imekaa wapi, usiulize tu ilikuwa ya nani.

Kitu kimoja kwenye hizi Prado ambacho kipo kwenye upande wa hesabu lakini kinaua watu, bol jointi za chini za mbele. Kwa zilivyofungwa uzito wa gari unazivuta kuzichomoa, kwa hiyo ikichakaa inachomoka, tairi linalala na gari inakaa chini, inaweza kutokea uko spidi. Nyanyua gari kwa jeki, tikisa tairi juu na chini, fundi aangalie kama inacheza. Hata zikiwa zinaonekana nzima, kama hakuna rekodi mi ningeweka mpya, na nisingeweka zile feki za bei chee, hapa usibane hela.

Foo wili yake ni ya muda wote, hakuna kuweka na kutoa, ile lever ndogo ina H ya kawaida, HL inayofunga difu ya katikati, na LL inayofunga na kuweka gia nzito. Ijaribu kwenye udongo, sio kwenye lami, weka HL taa ya katikati iwake, halafu simama weka LL upande kilima polepole. Isigome isitoe kelele. Gari nyingi kongwe hii lever haijaguswa miaka na miaka imeganda. Na chungulia chini kama propela ya mbele ipo! Kuna watu wanaichomoa wakidai inapunguza ulaji wa mafuta, afu gari wanaiendesha kwenye HL siku zote, unanunua foo wili unapewa tu wili. Tairi nne ziwe saizi moja pia, gari ya hivi ikitembea na tairi za saizi tofauti difu ya katikati inateseka.

Kuhusu hizo kilomita, laki na themanini kwa umri huo ni kama elfu sita na kitu kwa mwaka. Inawezekana, wastaafu wengine wanatoka na gari Jumapili tu, ila mita inarudishwa nyuma kirahisi mno. Angalia pedali ya breki, stelingi, kiti cha dereva upande wa mlango, vikiwa vimelika sana basi hiyo laki na themanini ni ya dalali. Mi mwenyewe mita ya gari ya umri huu huwa siitilii maanani kabisa, nipe gari ya laki nne yenye faili la risiti kuliko ya laki moja na nusu yenye hadithi.

Makaratasi sasa. Huyo mzee mstaafu yuko wapi? Onana naye au uongee naye, sio dalali tu. Kama ameshafariki na wanaouza ni watoto, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, vinginevyo mtoto mmoja atakuuzia na mwingine atakuja kuidai. Kadi iwe orijino, jina lilingane na kitambulisho, na kama kwenye kadi kuna jina la benki basi kuna mkopo. Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe, imepigwa kwenye chesisi upande wa kulia karibu na tairi la mbele, sio kwenye kibati tu, ilingane na kadi. Ikiwa sehemu hiyo imesagwa au kuchomelewa, ondoka. Namba ya injini pia, maana Prado nyingi za hivi zilishaua injini zikawekewa nyingine, wengine wanaweka 5L ya kwenye Hiace. Hiyo 5L sio dhambi, haina tabo wala pampu ya umeme, inavuta kidogo lakini haisumbui, ila iwe imeingizwa kwenye kadi na bei ishuke maana umeuziwa nguvu ambayo haipo. Faini za trafiki unaangalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Halafu mkataba kwa wakili na mwende TRA pamoja, usikubali "nitakusainia baadaye".

Kwa hiyo nani yuko sahihi? Kwa tope lako, RAV4 hata ya karibuni haina gia nzito wala haijakaa juu ya chesisi, kwa njia ya shamba itakuangusha mapema. Prado hii ikipita hedi, chesisi na makaratasi, toa kwenye milioni 24 gharama ya belti, bol jointi na chochote utakachokuta, kinachobaki ndo bei yako. Ulaji wake ukienda mpole ni kilomita nane mpaka kumi kwa lita. Sema mama nina swali, kreti za parachichi utaziweka wapi? Hizo siti za nyuma zitanuka na kuchanika msimu mmoja. Kama kazi kubwa ni mzigo mi ningetafuta Hilux dabo kebini ya dizeli ya umri huo huo, vipimo ni vile vile nilivyokuambia, na Prado nikawaachia wastaafu.

SWALI: Kaka Fundi mambo vipi. Mi dereva gaidi (muongoza watalii) hapa Karatu, nimechoka kuendesha gari za mabosi nataka yangu. Kuna kampuni inauza Land Rover One Ten 300Tdi ya 1996, ndefu ile ya kuongezwa, paa linafunguka. Bodi safi haina kutu hata kidogo. Nasikia Land Rover ukinunua umeoa fundi. Kweli?
Gaidi, Karatu

JIBU: Poa kaka. Kweli nusu, ila kwa Arusha na Karatu mafundi wa Land Rover wapo kila kona na spea zipo, ungekuwa Sumbawanga ningekujibu tofauti.

Hiyo "bodi haina kutu" isikulevye. Bodi ya One Ten kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, haioti kutu nyekundu hata gari iwe imeoza. Kilichooza kipo chini na nyuma ya dashibodi. Angalia bamba la chuma lililoshika kioo cha mbele na sehemu ya miguu, inua kapeti, gonga. Angalia boriti ya nyuma kabisa ya chesisi na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Pale aluminiamu inapokutana na chuma utaona unga mweupe, hapo inaliwa taratibu.

Lakini kwako kubwa zaidi ni hilo neno kuongezwa. Maana yake chesisi ilikatwa katikati ikaunganishwa. Lala chini utafute maungio, uone kama kuna bamba la kuimarisha limepita ndani au juu ya maungio kwa urefu wa kutosha, au wamechomelea ncha kwa ncha wakapaka rangi. Tafuta nyufa ndogo kando ya welding. Fungua na kufunga milango yote gari ikiwa imesimama na tairi moja juu ya jiwe, mlango uliokuwa unafunga ukigoma, chesisi inapinda. Ukikuta nyufa usinunue, barabara za kule ndani zitaimaliza na utakuwa na wageni ndani yake. Uliza pia kama urefu huo upo kwenye makaratasi ya gari.

Injini yenyewe 300Tdi, sisi 2,495, haina kompyuta, ndo raha yake, fundi yeyote mwenye spana anaifungua. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na tatizo la taimingi belti kukaa pembeni na kusagika, kwa hiyo fungua uangalie na kwa vumbi lenu badilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Vile vizibo vya plastiki vya juu kwenye maji vinapasuka, weka vya shaba, bei ndogo tu. Giaboksi na kesi ya foo wili angalia pale zinapokutana, meno yanalika kwa kukosa oili, ukiachia na kukanyaga mafuta unasikia "ko!". Sio kila "ko" ni hiyo, One Ten zina nafasi kwenye kila jointi, ila mwendesha mtihani awe fundi wa Land Rover na sio binamu yako.

Kuvuja oili usiulize. Ikiwa kavu kabisa chini, angalia kama oili ipo.

SWALI: Habari Fundi. Niko Voi, Kenya. Nataka Land Cruiser 80 ya miaka ya tisini. Niagize Japani ama nitafute hapa hapa? Na ni injini gani nichukue?
Msomaji, Voi

JIBU: Nzuri ndugu. Kuagiza sahau, Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo 80 yoyote utakayopata tayari iko nchini na ina logbook (kadi ya gari) yake. Ithibitishe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya) kupitia eCitizen kabla hujatoa hata shilingi, na jina la kwenye logbook ndilo likuuzie.

Injini soma kwenye kibati cha boneti. HZJ80 ni 1HZ, dizeli ya 4.2 silinda sita isiyo na tabo, polepole lakini inakaa. Ukikuta mtu ameiongezea tabo uliza nani aliifunga na imekaa muda gani, maana haikutengenezwa kwa tabo na joto la ziada linapasua hedi. HDJ80 au HDJ81 ni ya tabo ya kiwandani, tamu sana barabarani, ila zile za mwanzo mpaka kama 1994 zina sifa ya bearing za chini za konrodi kuchakaa kabla ya wakati, kama hakuna rekodi kwamba zilibadilishwa weka hiyo gharama kwenye bei. Zote angalia nyuma ya tairi za mbele, ile mipira mikubwa ya ekseli, ikiwa imelowa oili nyembamba badala ya grisi, sili ya ndani imekwisha na oili ya difu inahamia huko, kazi yake ni kufungua pande zote mbili.

FZJ80 ni petroli, sisi 4,477, injini nzuri isiyo na kelele, utaipata kwa bei ya chini kuliko dizeli na sababu utaijua ukifika petroli stesheni ya kwanza.